Sitara Si Talaka

Mimi ni mstaafu wa miaka thelathini na minne. Mnaotaka kucheka chekeni sasa, maana mbele hakuna mengi ya kuchekesha. Mama yangu hakubali neno hilo la kustaafu. Yeye husema, "Ilham kaacha kazi," kwa sauti ile ile anayoitumia akisema fulani kaacha mke.

Kazi yenyewe ilikuwa ukalimani katika ofisi ya mawakili Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, juu ya duka la mapazia. Niliingia pale nikitoka chuo kikuu na shahada ya sheria, nikiamini kwamba kila swali lina kifungu chake mahali fulani, ni kukitafuta tu. Nilitarjumu Kiswahili kwa Kiarabu na Kiarabu kwa Kiswahili: talaka, mirathi, ugomvi wa matajiri na wafanyakazi wa nyumbani, halafu talaka tena. Nasikia wapo kati yenu wanaotaka kuingia kazi hii, nanyi mna simu zinazotarjumu zenyewe. Nisikilizeni kidogo basi. Hekima sina. Nina visa viwili na maswali ambayo sikujibiwa.

Kwanza mjue hili. Kiswahili hakijali kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Yeye ni yeye. Alikuja, alikula, akalala. Jirani yangu, mpenzi wangu, mwenzangu. Kiarabu hakikubali. Kabla mtu hajafungua mlango, Kiarabu kinataka kujua aliyeufungua ni mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo kila sentensi ya Kiswahili inayopita mdomoni mwenu itabidi muivishe ama kanzu ama abaya. Hizo simu zenu niliwahi kuzijaribu. Niliandika "mwenzangu ni daktari," zikamvisha kanzu. Nikaandika "mwenzangu anapika," zikamvua kanzu zikamtia abaya. Msizicheke sana, maana na sisi tulikuwa vivyo hivyo. Dawa yake ni kuuliza. Usikisie, uliza. Lakini iko siku utajuta kuuliza, na siku hiyo haina alama yoyote usoni.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zuwena. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati msichana, akasomesha watoto mpaka sauti ikapasuka, kisha akaja ofisini kutarjumu kwa ile iliyobaki. Alikuwa na chupa yake ya chai ya tangawizi ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa, na alikuwa na kanuni moja.

"Mtarjumani hana kichwa, mwanangu. Ana masikio na mdomo. Usitie, usitoe."

"Na mtu akisema uongo?"

"Utarjumu uongo wake vizuri."

"Na akijiangamiza kwa maneno yake mwenyewe?"

"Ajiangamize kwa Kiarabu fasaha. Wee umekuja kazini au umekuja kunihoji?"

Nilikuwa nimekuja kumhoji, na hilo sikulificha. Kanuni isiyojua inamlinda nani niliiona kama uvivu uliovalishwa heshima. Lakini nilikaa nikajifunza, kwa sababu Bi Zuwena alikuwa hodari na mimi nilikuwa na shahada tu.

Kisa cha kwanza ndicho cha kuchekesha. Kijana mwenzetu, Khalfan, alikipata Kiswahili chake mapajani pa bibi yake na hakukiongeza hata neno tangu alipotoka hapo. Siku moja alipelekwa idara ya kazi kutarjumu malalamiko ya msichana wa Uganda aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba moja ya watu. Nilikwenda naye nikae nitazame. Msichana akasema, "Mama aliniacha Hamriya. Nikangoja, nikangoja, hakurudi." Alikuwa anasema kwamba tajiri wake alimshusha mbele ya maduka ya mtaa wa Hamriya akaondoka na gari. Khalfan, ambaye kwao kuacha ni jambo moja tu, akamgeukia ofisa akasema kwa Kiarabu safi: "Bibi wa nyumba alinipa talaka Hamriya."

Ofisa akaweka kalamu chini. "Talaka ngapi?"

Chumba kizima kikavunjika mbavu. Ofisa akaendelea, "Basi siku hizi Hamriya wanawake wanaachana! Hivyo waliozeshwa na shekhe gani?" Khalfan akawa mwekundu kama pilipili. Msichana naye akacheka, kwa adabu tu, maana hakujua kinachochekwa. Mimi nilicheka mpaka nikafuta machozi kwa ncha ya shela. Kosa lilisahihishwa, karatasi zikajazwa, na katika vicheko vile hakuna aliyemuuliza tena yule msichana ilikuwaje akaachwa barabarani kama mfuko wa taka. Somo la kazi liko wazi: kuacha ni kuondoka, ni kusahau, ni kukomesha, ni kutaliki, angalieni lipi. Lakini kile kicheko kiwekeni. Nitakihitaji baadaye.

Kisa cha pili ni cha Thuraya. Jina nimelibadilisha, na mengine yanayoweza kumfichua nimeyaacha.

Alikuja kabla ya adhuhuri, abaya imepigwa pasi, ananukia udi, mtu wa miaka thelathini na kidogo. Wakili wetu, Ustadh Hamad, mtu wa Dakhiliya, bara ya Oman, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo," akamkaribisha kwa Kiarabu. Akajibu kwa Kiarabu kizuri kuliko cha Ustadh mwenyewe. Kisha akasema, "Nataka nisikilizwe kwa Kiswahili, tafadhali."

Ustadh akaninyanyulia nyusi. Nami nikajiuliza, mwenye ulimi kama huu anataka mtarjumani wa nini? Nilidhani ni maringo ya watu wetu wa Unguja, wanaopenda kukumbusha kila mtu walikotoka.

"Nataka kutoka katika ndoa," alisema. "Nilifunga nchi za nje, nilikokuwa nasoma. Mwenzangu ni mtu wa Kampala. Tumefarikiana zamani, yeye yuko kwao na mimi niko hapa."

Nikatarjumu. Hilo "mwenzangu" nikalivisha kanzu bila hata kufikiri: mume wangu.

"Mumewe ni Muislamu?" Ustadh akauliza.

"Mumeo ni Muislamu?"

"Mwenzangu ni Mkristo."

"Mumeo yuko tayari kukuacha?"

"Mwenzangu hajibu salamu zangu siku hizi."

Kila nilipompa "mume" alinirudishia "mwenzangu," kama mgeni anayerudisha sahani bila kuionja. Sikuelewa. Ustadh yeye alikuwa anazidi kuchangamka. "Mwanamke Muislamu na mwanamume Mkristo! Mwambie hii nyepesi. Korti itaivunja kabla chai haijapoa. Alete cheti, tukipeleke kigongwe mihuri, tukitarjumu, tufungue kesi."

Nilipomwambia hayo, rangi ilimtoka. "Cheti ninacho," akasema, mkono umeshaingia mkobani. Halafu, taratibu, kama anayezungumza na ule mkoba: "Sijakitoa ndani ya bahasha tangu siku tuliyoolewa."

Rudieni sentensi hiyo. Mwanamume huoa. Mwanamke huolewa. Wawili hao pamoja huoana. Hakuna mke na mume duniani wanaoweza kusema "tuliolewa." Kiswahili kilimhifadhi asubuhi nzima kwa "yeye" na "mwenzangu," ndiyo maana alikiomba, Kiarabu kingemvua nguo katika sentensi ya kwanza. Na sasa Kiswahili hicho hicho kikamuuza kwa kitenzi kimoja. Kwenye meza ya nyuma yangu nilisikia kikombe cha Bi Zuwena kikisita juu ya kisahani.

"Kasema nini?" Ustadh akauliza.

Kwa Kiarabu, "tulioana" na "tuliolewa" neno ni moja. Nikampa neno hilo. Sikutia, sikutoa. Lakini bahasha ilikuwa imeshatoka nusu, na ndani yake mlikuwa na majina mawili ya wanawake. Ustadh si mtu mbaya. Ni mtu anayeijua sheria, na sheria ya hapa jambo hilo inalijua, ila hailiiti ndoa. Inaliita jinai.

Bi Zuwena akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeomba sukari, "Mwanangu, hicho kirejeshe mkobani. Hapa hakisomwi. Na Maskati nzima usimwoneshe mtu." Kisha, kwa Kiarabu, akamwambia Ustadh, "Anasema kakisahau nyumbani. Atakileta siku nyengine."

Nilimkamata kwenye ngazi. "Bi Zuwena, ulinambia usitie, usitoe."

"Nimetia sitara."

"Kwa hiyo unaona naye ana haki yake?"

"Nani kasema haki?" Alisimama akashika ukuta. "Nimemsitiri, sikumkubali. Hesabu yake nnaiachia Mungu. Wee usinitie maneno mdomoni, mtarjumani hapa ni mimi."

"Na ndoa yake nani ataifungua?"

"Ndoa gani? Hapana ndoa pale."

"Kama hapana ndoa, mbona hawezi kutoka?"

Alishuka ngazi moja moja, chupa ya chai kwapani. Mpaka leo naamini ni swali bora nililowahi kuuliza katika kazi yangu yote, na nimewauliza wasomi wengi, na wengi wao wamefanya kama yeye: wamenigeuzia mgongo wakatafuta mahali pa kukanyaga.

Nilikutana na Thuraya baada ya kazi, kwenye duka la chai ya karak nyuma ya ofisi, ndani ya gari lake. Alinieleza kwa ufupi kama mtu aliyekwisha kuyasema kichwani mara nyingi. Mama yake amepooza upande mmoja, ndiyo sababu alirudi. Harriet, huyo mwenziwe, naye akarudi Kampala. Umbali ukamaliza kilichobaki. Sasa wazee wamempokelea posa ya binamu yake anayefanya kazi katika nchi ile ile aliyosoma, na wakishafunga ndoa hapa, binamu atamwombea ruhusa ya kuishi kule kama mke wake. Kule ambako serikali inamjua kuwa ana ndoa hai.

"Nikiolewa hali nimeolewa, kule ni jinai," alisema. "Nikisema kwa nini siwezi kuolewa, hapa ni jinai. Nipe nchi ya tatu, Ilham."

"Na huyo binamu?"

"Mtu mwema. Namwonea huruma kuliko ninavyojionea mwenyewe."

"Huwezi kukataa tu?"

"Nimeshakataa wanne. Mama anamsubiri huyu mmoja tu, na anamsubiri kwa nusu ya mwili."

Basi nikafanya lile nililosomea. Niliitafuta sheria ya talaka ya nchi ile nikaisoma neno kwa neno. Walikuwa wameliona tatizo lenyewe, lazima niwape haki yao: watu wanakuja kutoka kwetu, wanaoana kwao, wanarudi kwetu, halafu hawana pa kuachania. Kwa hiyo wakaweka njia. Wageni wanaweza kuachana kule bila kuishi kule, ikiwa wote wawili wataridhia na kutia saini mbele ya wakili. Na mmoja asiporidhia? Basi mwenzake alete amri ya korti ya nchi anayoishi, iseme kwamba yule anakataa bila sababu ya haki.

Korti ya nchi anayoishi. Nilicheka peke yangu, kicheko kisichokuwa na wenzake. Watu wazima wenye majoho walikaa wakaandika kwamba mwanamke huyu aende kwa kadhi wa Maskati akamwombe barua ya kuthibitisha kwamba mke wake wa Kampala hataki kumwacha.

Ikabaki njia ya ridhaa. Thuraya akampelekea Harriet ujumbe. Baada ya kimya kirefu ikaja sauti, tukaisikiliza pamoja garini. Wawili hao Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, kila mmoja na chake.

"Thuraya, mpenzi, mimi sina ubaya na wewe. Lakini saini ni ya kutia mbele ya wakili, na wakili ako na macho, si ndiyo? Atasoma hiyo karatasi. Hapa kwetu unajua vile wako. Na tena, sikukwambia, mimi niliolewa. Kwa kanisa. Niko na bwana, niko na mimba. Sasa nikisaini kwamba mimi na wewe tunaachana leo, hii ya kanisa itakuwa nini? Nitakuwa nani? Nisamehe, nyabo. Usinitafute tena na hii simu."

Thuraya aliirudia mara nyingine, si kwa ajili ya maneno. Kisha akaifuta. "Kaolewa," akasema. "Yeye kaweza."

"Hakuweza," nikamwambia. "Hajatoka. Kapita tu dirishani."

"Basi na mimi nitapita dirishani."

Vijana wangu, hasa nyinyi mnaosoma sheria. Nimeyasoma maandishi ya watetezi wa ndoa hizi na ya wapinzani wake. Wote wamesimama kwenye mlango wa kuingilia wanasukumana. Wa kwanza wanasema tuingie, wa pili wanasema msiingie. Mlango wa kutokea hauna mtu. Na msidhani ni shida ya akina Thuraya peke yao. Kwenye meza ile ile nimetarjumu wake wa waume halali, wenye mashahidi na mahari, wakiomba khului, yaani kujikomboa wenyewe kwa kumrudishia mume mahari yake, na mume anasema tu "sitaki," na mwanamke anazeeka akisubiri tarehe. Haki ya kuolewa bila haki ya kuachwa ni nusu ya haki, na nusu hiyo ndiyo inayouma. Mkitunga sheria zenu za kesho, anzeni na kutoka.

Nikah ilifungwa nyumbani kwao, baada ya alasiri. Sisi watu wa Unguja hapa ukimkwaa mmoja umekwaa binamu wa wote, kwa hiyo mama yangu alikuwa amealikwa na mimi nikaburutwa. Bi Zuwena alikuwepo, ameshika chetezo karibu na mlango. Thuraya alikaa kitandani kati ya wanawake, mikono imejaa hina, mama yake ubavuni kwake kwenye kiti cha magurudumu, na nusu ya uso wake iliyokuwa hai ilikuwa inacheka.

Shekhe wa kufungisha alisimama nje ya pazia akauliza ridhaa kwa Kiarabu. Bibi harusi akaitikia. Kisha shekhe akauliza lile linaloandikwa kwenye kila hati ya ndoa: bibi harusi ni mtu ambaye hajapata kuolewa, au ni mtu aliyekwisha kuolewa?

Chumba kikasubiri "hajapata" ya kawaida. Thuraya akainua macho akanitafuta.

"Ilham, nitarjumie. Naona haya."

Wanawake wakaangua kicheko. "Loo, bibi harusi kashikwa na haya, Kiarabu kimemkimbia!" Mmoja akapiga kigelegele kabla ya wakati wake.

Nikasogea. Nikamuuliza kwa Kiswahili, kama nilivyosikia, bila kutia wala kutoa: "Shekhe anauliza, umepata kuolewa?"

Naapa aliwaza kusema. Niliiona sentensi yote imesimama nyuma ya meno yake. Mama yake akamgusa goti kwa mkono ulio mzima.

"Mwambie sijapata kuwa na mume," akasema Thuraya.

Lile silo alilouliza shekhe. Nililijua, na Bi Zuwena pale mlangoni alilijua. Nikaligeukia pazia nikatarjumu neno kwa neno: hajapata kuwa na mume. Shekhe akaandika. Vigelegele vikapanda mpaka dari, udi ukafuka, na mama mtu akalia kwa jicho moja.

"Umetarjumu vizuri," Bi Zuwena alininong'oneza nilipopita. "Halikupotea hata neno."

Kweli halikupotea. Sijawahi kutarjumu kwa usahihi kuliko siku ile, na asubuhi yake nikaacha kazi, mama yangu aliite alivyotaka. Thuraya alisafiri. Yuko kule sasa na ndoa mbili, kila moja ikisubiri isikie habari za mwenzake, na binamu yake mwema amelala pembeni yake bila kujua kalala na nini. Nilijua la kufanya ili asikamatwe. La kufanya ili awe huru sikulijua, wala Bi Zuwena na chetezo chake, wala wale wenye majoho. Tulichokuwa nacho sote ni sitara, na sitara si talaka.

Siku hizi nikipita Hamriya namkumbuka yule ofisa na kalamu yake mezani. Talaka ngapi, aliuliza, na sote tukacheka.

Hata moja, bwana. Hata moja.